Siku ya Tatu ni Jembe: Mgeni na Raga ya Kisiwani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Tarehe 18 Agosti 1924, mjini Apia, nchini Samoa, wenyeji na Fiji walicheza mechi ya raga ambayo kwa kila upande ilikuwa ya kwanza ya kimataifa. Filimbi ililia saa moja asubuhi, maana wachezaji wa Samoa walikuwa na kazi ya kuwahi baada ya mechi. Katikati ya uwanja palikuwa na mti mkubwa. Haukukatwa. Walicheza huku wakiuzunguka, Fiji wakashinda 6-0, kisha Wasamoa wakaenda kazini.

Nimewaletea mechi hiyo kwa sababu wengi mlio hapa mna safari. Mmoja amepata kazi ya ualimu, mwingine uuguzi, mwingine hotelini au melini, na kituo chenyewe ni kisiwa cha joto. Mmecheza raga tangu shuleni na hamtaki kuiacha uwanja wa ndege. Swali ninaloulizwa sana ni, "Nitapata klabu?" Klabu utapata. Ningependa uulize kwanza raga ya pale huchezwa saa ngapi, siku gani, na baada ya shughuli zipi. Tonga, kwa mfano, katiba yenyewe inaitunza Jumapili kama siku takatifu na michezo hairuhusiwi. Ukifika na ratiba yako ya mazoezi ya Jumapili jioni, umeshajitambulisha vibaya kabla hujashika mpira.

Tukumbuke pia kwamba katika visiwa vingi raga ililetwa na wageni. Fiji ilianza kuchezwa mwaka 1884 huko Ba, askari wa Kizungu na askari wa Kifiji wakicheza pamoja. Samoa waliipata miaka ya 1920 kupitia Mabruda wa Marist, watawa wa Kikatoliki. Madagascar iliingia na Wafaransa. Lakini wageni wale walipoondoka mchezo ulibaki, ukapata mbio nyingine, pasi nyingine, nyimbo nyingine. Mwaka 1991 Samoa ilikwenda Cardiff ikaifunga Wales 16-13 kwenye Kombe la Dunia. Kwa hiyo anayefika leo akidhani anapeleka raga kisiwani amechelewa zaidi ya miaka mia moja. Anakwenda nyumbani kwa watu.

Na wageni hawakukaribisha watu sawasawa kila mahali. Colombo, enzi za ukoloni, Wazungu walikuwa na vilabu vyao, na mwaka 1922 wenyeji wakajianzishia chao, CR & FC, ambacho hadi leo ni miongoni mwa majina makubwa ya raga ya Sri Lanka. Ukuta wa namna ile haupo tena katika sheria za vilabu, ila kivuli chake bado nakiona. Kila kisiwa chenye wageni wengi wa kikazi kina timu ambayo, ukitazama benchi, wote ni wa mkataba wa miaka miwili. Wanafanya mazoezi pamoja, wanakula pamoja, wanasafiri pamoja kwenda mashindano kisiwa cha pili. Siwalaumu. Mtu akiwa mpya anahitaji wanaomwelewa lugha, na timu hiyo itakuonyesha daktari, fundi na uwanja. Anza hapo ukitaka. Ninachowasihi ni kwamba usimalizie hapo, kwa sababu unaweza kukaa miaka miwili kisiwani na usimjue hata kijana mmoja anayecheza pekupeku ng'ambo ya barabara.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika raga jembe hilo lipo, na mara nyingi si jezi namba 10, ile ya mpangaji wa mchezo. Vilabu vya visiwani vina vijana wa kukimbia. Vinachokosa ni refa. Vinakosa mtu wa kukaa pembeni na sanduku la huduma ya kwanza, mtu wa kuandika majina, mtu wa kuendesha gari la watoto wa chini ya miaka 14 saa kumi na mbili asubuhi. World Rugby, shirikisho la raga la dunia, wana kozi za bure mtandaoni za sheria za mchezo, huduma ya kwanza na mtikisiko wa ubongo. Zifanye kabla hujapanda ndege. Ukifika uwanjani useme tu, "Naweza kupuliza filimbi mechi ya watoto," utaona jinsi nyuso zinavyobadilika. Jezi itakuja yenyewe siku winga akiumia.

Hapa nimtaje Ben Ryan, kwani sijaona mfano wa mgeni kisiwani ulio wazi kuliko wake. Ni Mwingereza. Mwaka 2013 alichukua kazi ya kufundisha timu ya Fiji ya wachezaji saba kila upande. Chama hakikuwa na fedha, na miezi ya mwanzo hakulipwa mshahara. Angeweza kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa Singapore, Aprili 2016, Kenya chini ya kocha Benjamin Ayimba ilipoichapa Fiji hiyo 30-7 kwenye fainali na kushinda shindano lake la kwanza katika mfululizo wa dunia. Singapore nayo ni kisiwa cha joto, na jioni ile unyevu wa hewa haukuwazuia vijana wetu! Miezi minne baadaye, Rio, Fiji hao hao waliifunga Uingereza 43-7 wakapata dhahabu, medali ya kwanza kabisa ya nchi yao katika Olimpiki. Mchezaji mmoja mmoja alipiga goti kupokea medali yake.

Ryan alipewa jina la Kifiji na ekari tatu za ardhi. Mwaka 2017 Fiji ikatoa noti ya dola 7 kwa heshima ya timu ile. Lakini sehemu ya kisa ninayoipenda kuliko zote ilitokea yeye akiwa ameshaondoka. Nahodha wa Rio, Osea Kolinisau, ndiye aliyeipeleka Fiji Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa kocha, wakarudi na medali ya fedha. Mgeni aliacha mwenyeji anayeweza. Ukiwa unafundisha timu ya mtaa na huna msaidizi wa pale pale anayejifunza kila unachofanya, basi siku mkataba wako ukiisha timu nayo imekwisha. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na yanaumiza, kwani watoto hubaki na mipira wasijue mazoezi ni lini.

Sasa joto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu joto linaua na watu wazima wenye akili zao hulidharau.

Mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 kulizoea. Katika siku hizo moyo hujifunza kusukuma damu zaidi kwenye ngozi, jasho huanza kutoka mapema na hupoteza chumvi pungufu kuliko ulivyotoka kwenu. Hakuna njia ya mkato. Wiki ya kwanza fanya nusu ya mazoezi, bila aibu, na umwambie kocha sababu. Kisiwani tatizo kubwa ni unyevu. Jasho hupooza mwili linapokauka, na hewa ikiwa imejaa maji jasho halikauki, linachuruzika tu. Mtu analowa chapachapa akidhani anapoa, kumbe joto la ndani linapanda. Kunywa maji kabla ya kiu, lakini usinywe lita juu ya lita bila chumvi, kwani damu ikipungukiwa chumvi nayo ni hatari yake.

Mwenzako akianza kupepesuka, akijibu maswali ovyo, ngozi ikiwaka moto, hiyo si uchovu wa kawaida. Mpoozeni hapo hapo: beseni, ndoo, bomba, barafu, chochote chenye ubaridi, mwili mzima, huku mwingine akipiga simu. Apoozwe kwanza ndipo asafirishwe. Dakika zinazopotea garini ndizo zinazoharibu ubongo.

Na kichwa kikigongwa, mchezaji atoke, asirudi siku hiyo. Hata akilia. Hata kama ni fainali. Visiwa vingi vidogo havina daktari wa upasuaji wa ubongo, na hospitali kubwa iko mwendo wa ndege. Ndiyo maana nawaambia msome bima zenu mstari kwa mstari. Nyingi hazigharimii michezo ya kugongana, na nyingine hazigharimii kusafirishwa kwa matibabu. Kama yako haina vyote viwili, cheza raga ya kugusa, isiyo na kuangushana, mpaka upate iliyo navyo. Pia uliza kimo cha ukabaji kinachoruhusiwa pale. Vyama vingi vimekishusha katika raga ya ridhaa hadi chini ya mfupa wa kifua, na aliyezoea kukaba mabegani atapewa kadi mechi ya kwanza.

Uwanja wenyewe ni mgumu kiangazi na huchuna magoti na viwiko. Kidonda kidogo katika joto na unyevu hakiponi kwa kupuuzwa. Kisafishe kwa sabuni na maji safi jioni ile ile.

Joto hilo hilo ndilo limezaa aina za raga zinazowafaa wageni. Raga ya wachezaji kumi ilianzia Malaysia mwaka 1967 na klabu ya Cobra, dakika kumi kila kipindi, na imesambaa Asia yote kwa sababu dakika 80 za wachezaji 15 kwenye jua lile ni mateso. Raga ya kugusa ina wachezaji sita, haina skramu, ule msukumano wa makundi mawili, na mara nyingi wanawake na wanaume hucheza pamoja. Dada zangu, msione hiyo ni raga ndogo. Wanawake wa Fiji walipata shaba ya Olimpiki huko Tokyo, na timu yao ya Fijiana Drua ilitwaa taji la Super W, ligi ya wanawake ya Australia, mwaka 2022, msimu wake wa kwanza, bila kufungwa, ikalirudia 2023. Kama kisiwani kwako hakuna timu ya wanawake, kikosi cha kugusa ndipo mahali pa kuianzisha.

Makaratasi ni machache. Ukihama nchi, chama cha ulikotoka kinapaswa kukupa barua ya ruhusa kabla hujachezea klabu ya ugenini. Iombe mapema, usisubiri wiki ya mashindano. Kibali chako cha kazi kikitaja kazi moja, usipokee malipo ya kucheza. Na kuhusu ndoto ya kuchezea timu ya taifa ya kisiwa, maana najua mmoja wenu analo swali hilo: kama hukuzaliwa pale, wala mzazi, wala babu au bibi yako, kwa kawaida utatakiwa kwanza utimize miezi 60 mfululizo pale. Zamani ilikuwa 36. Mimi naiona sheria hiyo kuwa ya haki, kwani nafasi zile ni chache na vijana wa pale wanazingoja tangu utotoni.

Mwisho, msimu wako wa kuondoka. Watangazie mapema, angalau miezi mitatu. Filimbi, funguo za stoo, orodha ya watoto na namba za wazazi, vyote mkabidhi mtu mmoja mbele ya wengine, kisha mazoezi mawili matatu ya mwisho yeye aendeshe nawe ukiwa pembeni. Njumu zako, kama bado nzima, kuna mguu utakaozitosha.

Namwona kaka wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja bima. Karibu, tuanze na wewe.