Ruta Imechoka Kweli, au Waisingizia Tu?

Hamjambo nyote, na karibuni. Leo niko Tudor, hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, na mezani hapa nina ruta ya zamani, laptopu, simu, na waya wa netiweki wa mita mbili. Hivyo vyatosha kuamua kama ruta ya nyumbani ni ya kubadilisha au la. Ukishuka mjini ukaingia duka lolote la Digo Road, utauziwa mpya kabla hujamaliza kueleza shida yako, na siwalaumu, kazi yao ni kuuza. Kazi yako wewe ni kupima kwanza.

Hatua ya kwanza ndiyo kubwa, na ndiyo watu wengi wanayoiruka. Chukua waya, ncha moja chomeka kwenye tundu la ruta lililoandikwa LAN, ya pili kwenye laptopu. Halafu, tazama kidole changu hapa, zima waifai ya laptopu. Usipoizima utapima hewa ukidhani wapima waya. Waambie watoto wasimamishe katuni kidogo, fungua fast.com au ukurasa mwingine wa kupima kasi, andika namba unayopata. Pima mchana, kisha pima tena saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

Sasa linganisha na kifurushi unacholipia. Tuseme walipia 20 Mbps, yaani megabiti 20 kwa sekunde, kipimo cha kasi. Waya ukikupa 18 au 19, kampuni imekupa haki yako. Kama kuna shida, iko kati ya ruta na simu yako. Lakini waya ukikupa 4, usiku na mchana, badilisha waya wenyewe, washa ruta upya, upime tena. Ikibaki 4, wapigie kampuni wapime laini kutoka kwao kabla hujatoa hata shilingi. Laini ikiwa mbovu, hata ruta ya bei ya juu kabisa itakupa 4 hiyo hiyo.

Kuna namba moja ya kuangalia sana. Ukilipia 100 Mbps kwenda juu, na kila upimapo kwa waya kasi inagota 94 au 95, hapo huenda ruta ina tundu za 100 Mbps tu, kama zilivyo ruta nyingi za bei nafuu. Jaribu waya mwingine kwanza, kwa maana waya uliokatika uzi mmoja ndani nao hushuka hadi hapo hapo. Ikiendelea kugota, na kifurushi chako ni 200, nunua. Hiyo ni sababu halali.

Hatua ya pili, chomoa waya, shika simu, utembee. Pima ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, halafu ingia chumba cha mwisho ufunge mlango. Watu huniuliza: nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM ziliingia papa hapa Mombasa mwaka 2009, mbona video inakwama chumbani? Safari ya baharini haina neno. Shida ni zile mita kumi za mwisho, na ukuta ulio katikati.

Na kuta zetu si za mchezo. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli kweli. Ruta nyingi hurusha waifai kwa masafa mawili: ya 5 GHz yana kasi lakini yakikutana na ukuta kama huo huishia hapo, ya 2.4 GHz ni ya polepole ila hupenya zaidi. Kwa hivyo kabla ya kununua, toa ruta nyuma ya televisheni, itoe juu ya friji, iweke mahali pa juu katikati ya nyumba, mbali na kioo kikubwa na grili za chuma. Pima tena. Wanaokaa kwenye magorofa kama haya yangu wana adha nyingine: waifai za majirani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta (njia yake nitakuonyesha hapo mbele), weka 2.4 GHz kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo.

Ruta inayozimika na kuwaka yenyewe ni kesi tofauti. Usiihukumu bado, geuza adapta usome. Hii yangu imeandikwa 12V, 1A. Stima inayopotea na kurudi kwa kishindo huanza kuua adapta, na adapta ni rahisi kuliko ruta. Ya kubadilishia lazima volti ziwe zile zile na ncha ifanane. Ampea zikizidi si neno, zikipungua ndiyo shida. Ila kama unaishi karibu na ufuo, mulika tundu kwa tochi ya simu. Ukiona kutu au ukijani, chumvi imeshaingia, na hapo adapta mpya haisaidii.

Sasa jambo ambalo kasi haikuonyeshi. Fungua kivinjari, andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1, au anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Ingia, tafuta usalama wa waifai. Hapo huandikwa aina ya kufuli ya waifai yako. Ukikuta zile za zamani, WEP au WPA ya kwanza tu, bila WPA2, badilisha hata kama kasi yakufurahisha. WPA2 ipo tangu 2004. Kadhalika kama mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya modeli yako. Mimi kwa hili sibembelezi.

Umeamua kununua? Uliza kwanza ruta ni ya nani. Kama ni ya kampuni, na imeharibika, waambie waibadilishe. Kama ni yako, Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha waifai, yatosha nyumba nyingi. Wi-Fi 7 uiache mpaka simu zenu ziweze kuitumia. Nyumba kubwa haihitaji ruta moja yenye antena nane kama pweza. Pitisha waya wa netiweki wa aina ya Cat 5e hadi upande wa pili uweke kifaa cha pili cha kurusha waifai huko. Virudufishi vya kuchomeka ukutani, vile vinavyopokea na kurusha kwa masafa yale yale, hupunguza kasi karibu nusu. Na kabla hujachomoa ya zamani, omba kampuni jina na nenosiri la laini, la sivyo usiku huo mtalala bila intaneti.

Ile ya zamani, kabla hujampa mtu, chukua pini, bonyeza kitufe cha Reset kwa sekunde kumi hadi taa zizime na kuwaka upya. Nenosiri lako limefutika, mpe sasa.