Ofisini Mtumba au Nyumbani Nkuhungu: Mazungumzo ya Rehema na Elia

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo, hapa Dodoma, tunajadili suala ambalo limewagawa waajiri na waajiriwa tangu mwaka 2020: je, mtu anayeweza kuifanya kazi yake akiwa nyumbani alazimishwe kurudi ofisini? Mwenzangu ni kaka Elia, aliyetumikia ofisi za umma kwa miaka mingi kabla ya kujiajiri. Mimi naandika programu za kompyuta kwa kampuni ambayo ofisi zake sizioni isipokuwa kwenye kioo cha kompyuta, kwa hiyo nadhani mmeshajua nani yuko upande gani.

ELIA: Wasiwe na haraka ya kutupanga, dada Rehema. Mwaka 1973 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Mwaka huohuo, huko Marekani, Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alianza jaribio na kampuni moja ya bima ili kuona kama wafanyakazi wanaweza kufanyia kazi karibu na makwao, badala ya kwenda kila siku katikati ya Los Angeles. Sisi tulitaka ofisi iwafuate wananchi, wao walitaka kazi imfuate mfanyakazi, na mawazo yote mawili yakakaa kwenye makabati kwa zaidi ya miaka 40. Kuhamia Dodoma kulipata msukumo wa kweli mwaka 2016, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Miezi michache baadaye ukaja Uviko-19, na nusu ya dunia ikaambiwa ikae nyumbani.

REHEMA: Nusu ya dunia, lakini si Tanzania. Shule na vyuo vilifungwa Machi 2020, ila hatukufungiwa ndani kama nchi nyingine, na ofisi nyingi ziliendelea. Ndiyo maana hapa kwetu jambo hili limeingia kimyakimya, kupitia mashirika, kampuni za nje na vijana wenye kompyuta mpakato, bila mjadala mkubwa.

ELIA: Na limeingia kupitia ndoa za watu. Dodoma hii imejaa watumishi ambao familia zao zimebaki Dar es Salaam, kwa sababu mke ana duka Kariakoo au mtoto yuko kidato cha nne na hawezi kuhamishwa. Tangu treni ya SGR ianze safari za huku mwishoni mwa Julai 2024, safari huchukua chini ya saa nne, nawe ukipanda Ijumaa jioni utaona watu wamefungua kompyuta mapajani wakimalizia taarifa za wiki. Ukiwauliza watakwambia wanasafiri. Mimi naona wameshaanza kufanya kazi nje ya ofisi, isipokuwa hakuna aliyewaandikia barua ya kuwaruhusu.

REHEMA: Basi waandikiwe, maana ushahidi upo. Nicholas Bloom, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzake walifuatilia kampuni ya usafiri ya China iitwayo Ctrip, wakakuta kwamba wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa waliongeza utendaji kwa asilimia 13.

ELIA: Malizia habari yenyewe. Jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini kwa sababu ya upweke, na waliofanyia kazi nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi kuliko wenzao wenye utendaji uleule. Tena hao walikuwa watu wa simu, ambao kazi yao inahesabika. Afisa anayeandika dokezo sabili, yaani andiko la ndani ya ofisi, utampimaje? Kwa miaka mingi tulimpima kwa daftari la mahudhurio: ikifika saa 1:30 asubuhi mstari mwekundu unapigwa, ukichelewa unasaini chini yake. Kuna watu waliosaini juu ya mstari huo kwa muda wote wa utumishi wao, na sikuwahi kujua walichokuwa wakifanya baada ya kuweka kalamu mezani.

REHEMA: Huo ni ushahidi wangu, kaka Elia, si wako! Daftari lilipima kiti tu. Na utafiti wa pili wa kampuni hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2024, ulihusu wafanyakazi zaidi ya 1,600, wakiwamo wahandisi wa programu na watu wa fedha na masoko. Waliopewa siku mbili za kufanyia kazi nyumbani kila wiki hawakushuka utendaji, na kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja. Hapa kwetu, tangu ofisi za Serikali zianze kutumia e-Office, mfumo wa kupitisha majalada kwa kompyuta, dokezo linatoka meza hadi meza bila tarishi, na mfumo unaonyesha limekaa kwa nani na kwa muda gani.

ELIA: Hapo umegusa kidonda. Zamani dokezo likilala, lawama ilikuwa ya masijala. Siku hizi inaonekana wazi kwamba limelala kwa mkubwa, tena mkubwa ambaye yupo ofisini. Hata hivyo kuna jambo mfumo hauwezi kulifanya. Kijana wa ajira mpya hujifunza kwa kumsikia afisa mwandamizi akiongea na mkurugenzi wa halmashauri aliyekasirika, namna anavyomwachia amalize, anavyomrudisha kwenye kanuni bila kumdhalilisha. Hilo halimo kwenye mwongozo wowote, na halifiki kwenye kikao cha mtandaoni ambako kila mmoja amezima kipaza sauti.

REHEMA: Nakubali. Ila usidhani waajiri wakubwa wanaowarudisha watu wanafanya hivyo kwa ajili ya huyo kijana. Amazon ilitaka watumishi wake wa ofisini wawepo siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025, na mwezi huohuo Donald Trump akaagiza watumishi wa serikali ya Marekani warudi ofisini. Maoni yangu ni kwamba amri za namna hiyo hutumika pia kupunguza watu bila kuwafukuza, kwani wanaoshindwa huondoka wenyewe.

ELIA: Inawezekana. Mimi nina hofu na nyumba zetu. Mtu amepanga vyumba viwili Nkuhungu, watoto wanne, umeme unakatika saa tano, bando linaisha katikati ya kikao. Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kuna jenereta na kiti chenye mgongo.

REHEMA: Kwa mwanamke kuna zaidi. Mjomba akifika kutoka Mpwapwa saa nne asubuhi, atakaa sebuleni akisubiri chai, kwa sababu mwenye nyumba yupo. Ukimwambia uko kazini anakutazama, anaitazama kompyuta, kisha anauliza kama na chakula cha mchana kitachelewa. Hata hivyo ningechagua hilo kuliko kusubiri daladala ya Mtumba kwenye upepo na vumbi la Septemba.

ELIA: Basi tugawe kwa aina ya kazi, siyo kwa cheo. Ninachokiona ni wakubwa kujipa ruhusa na wadogo kusaini daftari. Mchambuzi wa takwimu anaweza kukaa kwake siku mbili au tatu. Dereva hawezi, mhudumu hawezi, wala afisa anayepokea wananchi. Mtu ametoka Kondoa kwa basi la alfajiri kufuatilia mafao ya marehemu baba yake. Usimwambie mhusika yuko nyumbani.

REHEMA: Mtu huyo hakutaka ofisi, kaka Elia. Alitaka jibu, na jibu lingeweza kumfika Kondoa kwenye simu yake.

ELIA: Alishapigiwa simu, akaambiwa suala linashughulikiwa. Alipanda basi ili amwone mtu atakayewajibika kwa jibu hilo.

REHEMA: Sawa, hapo umenishinda. Lakini wanaoruhusiwa walindwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, nasi tunaofanyia kazi nyumbani tunapokea ujumbe wa bosi saa nne usiku kana kwamba hatulali. Makubaliano yaandikwe: bando analipa nani, umeme analipa nani, na simu inazimwa saa ngapi.

ELIA: Na yaandikwe kwamba wa ajira mpya, mwaka wake wa kwanza, anakuja kila siku.

REHEMA: Mwaka mmoja nakubali, kwa sharti kwamba na mkuu wake anayepaswa kumfundisha awepo siku hizohizo.

ELIA: Sharti hilo litapingwa na watu wenye vyeo kuliko yote uliyoyataja leo.

REHEMA: Ndiyo maana nataka liwe la kwanza kwenye karatasi.