Nakala Ipo, Flashi Haiwaki

Ndugu zangu, nashukuru kwa kuja. Nianze na simu niliyopigiwa usiku mmoja na mtu ninayemheshimu sana. Diski ya kompyuta yake ilikuwa imekufa. Alikuwa ametimiza yote tunayowahimiza watu: kila wiki nakala rudufu ya mfumo mzima kwenye diski ya nje, na flashi ya uokoaji ndani ya droo. Alikuwa ameshafunga diski mpya, akachomeka flashi, akawasha. Skrini ikamwandikia kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Kazi yake ya miaka mingi iko pale mezani, haina hata doa, naye hana pa kuingilia. Tulihangaika hadi alfajiri. Nilipokata simu nilikuwa na uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa juu yetu sisi mafundi: tumewafundisha watu kutunza nakala, tukaacha kuwafundisha namna ya kuifikia.

Jambo ninalotaka mtoke nalo ni hili: flashi ikigoma, usikimbilie kubadilisha mipangilio. Jiulize kwanza imefika wapi. Je, kompyuta imeiona? Imekubali kuiwasha? Ikishawaka, inaiona diski? Inaiona nakala? Kila kituo kina ugonjwa wake, na dawa ya kimoja inaweza kuharibu kingine.

Yule bwana alikwama kituo cha kwanza. Nilimwomba anisomee kilichomo kwenye flashi, akanisomea jina la faili moja inayoishia na .iso, yaani faili moja iliyobeba diski nzima ndani yake. Basi. Alikuwa ameipakua na kuinakili kama anavyonakili picha. Kompyuta ya kisasa yenye UEFI, ile programu ya ndani inayoiwasha, haisomi ndani ya faili ya namna hiyo. Inatafuta sehemu iliyopangwa kwa FAT, mpangilio mmojawapo wa kuhifadhi faili, na ndani yake faili \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI, isipoikuta, inapita kana kwamba flashi haipo. Faili ya ISO lazima iandikwe kwenye flashi kwa programu ya kazi hiyo, kama Rufus. Na kabla ya kuiandika, linganisha alama yake ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha faili, na ile iliyotolewa na watengenezaji, maana faili iliyopakuliwa nusu huwaka nusu.

Kuna mtego jirani. FAT32, aina ya FAT inayotumika sana, haibebi faili inayofika GB 4, hivyo wengine huipanga flashi kwa NTFS, mpangilio mwingine wa faili, ili faili kubwa ienee. Kompyuta nyingine zitaisoma, nyingine hazitaiona kabisa. Kama flashi yako inawaka kwa jirani na kwako haiwaki, anza kuchunguza hapo.

Kingine, Windows huwa haizimiki kabisa unapobonyeza kuzima, kwa sababu ya uwashaji wa haraka. Bonyeza Shift huku ukichagua kuwasha upya, ndipo upate nafasi ya kuchagua kifaa. Kitufe cha menyu hiyo hutofautiana: mara nyingi F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP.

Kituo cha pili ni cha sahihi, yaani saini ya kidijitali ya programu. Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, hukataa programu yoyote isiyo na sahihi inayoaminika, na kuna orodha ya sahihi zilizofutwa ambayo huongezwa kupitia masasisho. Ndiyo maana flashi iliyowaka vizuri miaka michache iliyopita inaweza kukataliwa leo na kompyuta ileile. Haijaharibika, imezeeka. Tengeneza nyingine kwa toleo jipya la programu yako ya nakala. Unaweza pia kuizima Secure Boot kwa muda, ila kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, uwe na ufunguo wa tarakimu 48 mkononi kabla hujagusa chochote, kwa sababu badiliko hilo linaweza kukufanya uulizwe.

Sasa nije kwenye kituo kinachowaliza watu wengi zaidi, na nitakaa hapa kidogo. Flashi imewaka, programu imefunguka, umefurahi, halafu orodha ya diski ni tupu. Mtu huhitimisha kwamba diski mpya nayo ni mbovu, anairudisha dukani. Kumbe kompyuta nyingi zenye vichakataji vya Intel, hasa kuanzia kizazi cha 11, huiweka diski ya NVMe, aina ya diski za kasi, nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD. Windows PE, ule mfumo mdogo unaobebwa na flashi nyingi za uokoaji, kwa kawaida haina draiva yake, yaani programu ya kuuwezesha mfumo kukitumia kidhibiti hicho. Diski ipo, ila flashi haina macho ya kuiona.

Mitandaoni utaambiwa uingie kwenye mipangilio uizime VMD. Diski itajitokeza papo hapo, na urejeshaji utaenda hadi mwisho. Kisha utawasha na kupata skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwa sababu Windows uliyoirejesha ilizoea kuifikia diski kupitia kidhibiti ulichokizima. Ndipo watu huilaani nakala, ilhali nakala ni nzima. Njia ninayoiamini ni kupakua draiva ya VMD, kuifungua hadi uone faili ya .inf, kuiweka kwenye flashi na kuipakia ndani ya Windows PE kwa amri ya drvload. Kwa yule bwana, tulipofanya hivyo diski ilijitokeza kwa jina na ukubwa wake. Nilimsikia akivuta pumzi.

Tukiwa hapo hapo, msiziamini herufi. Ndani ya Windows PE, X: ni kumbukumbu ya muda tu, na C: inaweza kuwa diski yako ya nakala. Angalia ukubwa na jina la mtengenezaji, na chomoa kila diski isiyohusika. Kufuta diski ya nakala kwa kuifikiria kuwa ndiyo mpya ni msiba usio na tiba. Kama nakala iko kwenye mtandao, tumia waya, maana Windows PE ya kawaida haina Wi-Fi.

Kuna kosa moja ambalo hufanyika mwanzoni na kuonekana mwishoni. Kwenye menyu, flashi ileile inaweza kujitokeza mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele. Diski hugawanywa kwa mpangilio wa GPT, ulio mpya, au MBR, ulio wa zamani. Mfumo uliokuwa kwenye diski ya GPT urejeshwe ukiwa umewasha kwa UEFI. Ule wa MBR kwa njia ya zamani, isiyo na neno UEFI. Kama flashi yako inatumia mfumo wa Linux badala ya Windows PE, uwepo wa folda /sys/firmware/efi unakuthibitishia kuwa uko upande wa UEFI. Kama umesharejesha na Windows haiwaki, mara nyingi faili za kuwashia tu ndizo zinazokosekana. Ipe sehemu ya EFI, kipande kidogo cha diski kinachohifadhi faili hizo, herufi, tuseme S, kisha andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, ukibadilisha C kama Windows imepewa herufi nyingine.

Ombi langu kwenu ni la wiki hii, wakati kompyuta bado ni nzima. Washa kwa flashi yako. Hakikisha diski ya ndani inaonekana. Fungua nakala ya karibuni, tafuta faili moja unayoijua, uione kwa macho yako, kisha ghairi kabla ya kitufe cha kurejesha. Chukua kikaratasi, andika kitufe cha menyu, njia uliyowashia, na kama VMD imewashwa, ukifunge pamoja na flashi. Ufunguo wa BitLocker uandike pia, lakini uuweke mahali pengine.

Sasa naomba maswali.