Mapambano Manne ya Dick Tiger

Mhadhara kwa mabondia chipukizi, Tononoka, Mombasa

Assalaam aleikum. Hamjambo, vijana wangu. Ingieni, kaeni, hata wewe uliyesimama mlangoni na glavu shingoni.

Leo nimekuja na jina moja, Dick Tiger. Jina alilopewa na wazee wake ni Richard Ihetu, Muigbo wa Amaigbo, Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1929. Aliutwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa kati mara mbili, kisha akapanda akauchukua na wa uzani mzito mwepesi. Hayo mwenye simu atayapata. Mimi nataka tuanzie Liverpool, mwisho wa mwaka 1955, aliposhuka kwenye baridi ya watu, akapanda ulingoni mara nne, na mara zote nne akashindwa.

Nne, mfululizo. Na nyumbani alikoondoka alikuwa bingwa.

Kila kijana anayenifuata kuniuliza habari za kwenda ng'ambo huniuliza habari za mikanda na pesa. Hajatokea hata mmoja akaniuliza pambano la kwanza huko huwaje. Basi nitawaeleza, maana nalijua kwa mbavu zangu.

Bondia mgeni haitwi ashinde. Promota ana kijana wake wa pale mtaani. Ndugu, majirani na wafanyakazi wenziwe ndio wanaonunua tikiti. Kijana huyo anataka ushindi kwenye rekodi yake, kwa hivyo hutafutwa mtu wa kumpa. Huyo mtu huwa ana njaa, hana wa kumsemea, na ukimwambia leo kwamba pambano ni wiki ijayo, ataitikia. Isitoshe, Uingereza ya siku zile, mapambano ya kawaida hayakuwa na majaji watatu kando ya ulingo. Mwamuzi aliye ndani ndiye peke yake aliyehesabu pointi, na kengele ya mwisho ikilia anauinua mkono wa yule aliyemwona yeye kashinda. Raundi imekwenda sare, ukumbi mzima unamshangilia mwenyeji, nawe umefika juzi. Utapewa wewe?

Nilipokuwa na miaka 23 nilipelekwa nchi ya watu kupigana. Sitamtaja aliyenipeleka. Niliambiwa raundi 6, nikafika nikakuta karatasi imeandikwa 8, na mpinzani kanizidi kilo 4. Niliingia ulingoni kwa sababu nauli ya kurudi ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Nilipigwa. Uso ulipona kwa wiki mbili. Kilichokawia ni ile hali ya kujua kwamba kila mtu katika ukumbi ule alijua nitashindwa, isipokuwa mimi. Nilirudi Mombasa nikasema sitoki tena, na kweli sikutoka.

Tiger alibaki, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Alibaki Liverpool, mji wa bandari kama huu wetu, ambako meli za Afrika Magharibi zilitia nanga na mabaharia weusi walikuwa na mitaa yao. Pale pale alikuwako Mnigeria mwenziwe, Hogan Bassey wa Calabar, aliyemtangulia kwa miaka michache. Mwezi Juni 1957 Bassey alikwenda Paris akamshinda Cherif Hamia, akawa bingwa wa dunia wa uzani wa unyoya. Nadhani mtu akiwa ugenini, kumwona mwenziwe akifanya jambo kunamfaa kuliko maneno ya kocha kumi.

Tazameni filamu za Tiger. Ni mfupi, mita 1.73, uzani wa kati uliojaa watu warefu. Hakimbii. Anaenda mbele, kidevu chini, mikono juu, anaingia kwenye mbavu, halafu linakuja lile konde la kushoto la kuzungusha. Mgeni asiyetegemea huruma ya mwamuzi hupigana hivyo, akaufanya ushindi uonekane na aliyekaa safu ya nyuma. Mei 1957 aliletwa London awe daraja la kijana mmoja aliyetarajiwa sana, Terry Downes, katika pambano lake la tatu tu la kulipwa. Tiger akamchana na kumsimamisha kabla ya muda. Downes huyo alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1961, mjue daraja lenyewe lilikuwa la aina gani.

Mwaka 1958 akamwangusha Pat McAteer na kuchukua taji la Jumuiya ya Madola. Mwaka wa pili akahamia Marekani, ugeni ukaanza upya. Nafasi ya dunia aliipata tarehe 23 Oktoba 1962, San Francisco, akiwa na miaka 33. Raundi 15 na Gene Fullmer, Mmarekani aliyeshika taji, akashinda kwa pointi. Waliporudiana Las Vegas walitoka sare. Mara ya tatu, Agosti 1963, pambano lilipelekwa Ibadan, ubingwa wa dunia ukapiganiwa Nigeria kwa mara ya kwanza. Baada ya raundi ya 7 Fullmer hakuendelea, na hakupigana tena maishani. Mimi nikiifikiria siku ile nahisi mwili kusisimka, kwa sababu mara hii mgeni alikuwa Fullmer.

Taji alilipoteza kwa Joey Giardello, akalirudisha 1965, likachukuliwa na Emile Griffith 1966. Mwezi Disemba mwaka huo huo, na miaka 37, akampokonya José Torres lile la uzani mzito mwepesi.

Kisha vita vya Biafra, Waigbo walipojitenga na Nigeria. Alisimama na watu wake, na mwaka 1969 akairudisha nishani aliyopewa na Uingereza, kwa kuwa Uingereza iliiunga mkono serikali ya Nigeria. Sehemu kubwa ya mali aliyoiweka nyumbani ilimezwa na vita. Alipostaafu alifanya kazi ya ulinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mtu aliyeujaza ukumbi wa Madison Square Garden. Saratani ya ini ilimkuta huko. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: alirudi, akafia Aba Disemba 1971, ana miaka 42.

Na wetu tumtaje. Robert Wangila, dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988, alikwenda Marekani kutafuta alichokitafuta Tiger. Julai 1994 alipigana Las Vegas, akafa siku mbili baadaye, hajatimiza miaka 27. Mola amrehemu. Sitawaficha jina lake ili mpande ndege mkicheka.

Sasa, najua watatu kati yenu mmeletewa karatasi za mikataba, na mmoja ameniambia ni ya Ghuba. Mnayo haki ya kwenda. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya kuruka kamba, njooni nazo. Tutasoma idadi ya raundi, kilo za mpinzani, fungu la meneja, maana theluthi si ajabu kuombwa, na tutatafuta mahali palipoandikwa nani anashika tikiti ya kurudi. Pasipoandikwa, tutapaandika kwa kalamu, kisha tumrudishie aitie sahihi yeye kwanza.