Maji Mapya: Uvuvi wa Mtoni Masika Yanapoanza

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uvuvi wa mtoni na wa vijito masika yanapofungua. Nitajibana kwenye ndoano na mshipi, na mwishoni nitagusa mgono, ule mtego wa kusuka. Nyavu tuziwekee siku yake.

Tuanze na maji yenyewe. Mtu husikia ngurumo, anachukua fimbo, anakimbilia mtoni, halafu anarudi mikono mitupu na kusema samaki wameisha. Hawajaisha. Amefika siku ambayo hawali.

Mvua ya kwanza ikipiga ardhi iliyokauka husomba majivu ya mashamba yaliyochomwa, samadi na majani yaliyooza. Uchafu huo ukiingia mtoni unaendelea kuoza, na kuoza kwake kunakula hewa iliyomo majini. Kwenye mto Mara watafiti wamelipima jambo hili: mafuriko yanaposukuma kinyesi cha viboko kilichotuama madimbwini, hewa ya maji hushuka ghafla na samaki hufa kwa wingi upande wa chini. Kwa hiyo ukiona perege wanahema juu ya maji siku hiyo, usidhani wana njaa. Wanatafuta pumzi. Anayeweza kula ni kambale, kwa sababu juu ya matamvua yake ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya nje. Kama lengo lako ni perege au kuyu, kaa nyumbani mpaka maji yaanze kushuka na kupungua tope. Hayo ndiyo maji mazuri kuliko yote ya msimu, na wengi wanayakosa kwa sababu wamechoka na maji ya kwanza.

Utajuaje? Chukua sahani nyeupe, itoboe, ifunge kamba, izamishe pole pole pembeni ambapo maji hayaendi kasi. Ikipotea machoni kabla ya kufika shubiri moja, samaki hatakiona chambo chako, atakinusa tu. Siku hiyo tumia chambo chenye harufu na ulaze chini. Ikionekana mpaka dhiraa, funga boya na uvue kwa nyungunyungu. Na kabla hujakaa, chomeka kijiti ukingoni penye mwisho wa maji. Kukitazama kijiti kila baada ya robo saa kutakueleza kama mto unapanda au unashuka, tena kwa uhakika kuliko macho yako.

Katikati ya mto wenye tope na kasi hakuna kitu cha kufuata. Samaki hapotezi nguvu pale. Tafuta mahali kijito kinapoingia mtoni, hasa kama kijito kina maji meupe na mto ni mwekundu: utaona mstari ambapo rangi mbili zinakutana, na kando ya mstari huo, upande uliotulia, ndipo pa kutupa. Pengine ni chini ya kalavati la barabara, nyuma ya mzizi mkubwa, au kwenye kona ya ndani ya mto ambako povu linazunguka bila kuondoka. Povu likizunguka, na wadudu waliosombwa wanazunguka humo humo.

Sasa kambale, maana najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.40 hadi 0.50, ndoano kuanzia 1/0 hadi 4/0. Vijana wanachanganyikiwa na namba hizi. Ndoano ndogo zinahesabiwa kinyume, namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Zikishapita namba 1 zinaanza zenye sifuri, na hapo namba ikipanda ndoano inakua. Ijaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, ipitishe kwenye tupa, ikikwama iko sawa. Kichwa cha kambale ni mfupa mtupu, ndoano butu itagonga na kutoka.

Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, iwe ya gramu 30 hadi 60 kulingana na kasi ya maji, na iwe bapa ili isibingirike. Mshipi upite ndani yake bila kukaza, kisha weka ushanga na kifundo sentimita 40 juu ya ndoano ili chubwi isishuke zaidi ya hapo. Kambale akivuta, mshipi unateleza na hasikii uzito. Ukiifunga chubwi moja kwa moja, anausikia na kutema. Penye magogo mengi, badala ya chubwi funga jiwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi: likinasa, uzi unakatika, unapoteza jiwe peke yake.

Chambo. Nyungunyungu wachimbe chini ya migomba au penye maji machafu ya jikoni, hata kabla ya mvua hawakosekani huko. Watunze kwenye kopo lenye matundu, udongo mbichi, kivulini. Kwa kambale tunga watatu au wanne kwa pamoja, mikia ikining'inia. Maini ya kuku yana harufu nzuri lakini yanachomoka ukitupa. Yanyunyizie chumvi uyaache saa moja yakaze, au yafunge kwa uzi wa kushonea. Utumbo wa kuku unakaa zaidi. Sabuni ya mche isiyo na manukato, kipande cha sentimita 2, inafaa kwa mishipi ya kulaza usiku, kwani samaki wadogo hawaidonoi ikaisha. Chambo chochote utakachotumia, acha ncha ya ndoano nje. Watu wanaifukia yote ndani ya utumbo mgumu wakidhani samaki ataiona. Kwenye tope lile haoni chochote, na ncha iliyofukiwa haishiki.

Saa nzuri ni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 au 4 usiku. Kambale huanza kwa kugusagusa. Mwache. Mshipi ukianza kwenda mfululizo upande mmoja, hapo nyanyua. Perege ni kinyume chake: anafyonza na kutema papo hapo, ukisubiri umemkosa. Kwake tumia mshipi wa 0.20 au 0.25, ndoano namba 8 au 10, na donge la ugali mgumu uliokandwa na unga kidogo, ukubwa wa punje ya mbaazi. Ukimtoa perege jike mwenye koo lililovimba, ujue ana mayai au watoto mdomoni. Mrudishe haraka kabla hajawatema.

Kuna jioni moja moja ambazo msizipoteze: kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua. Ondoa chubwi na boya, ndoano namba 10 au 12, mpitishe kumbikumbi mmoja kifuani, mwache aelee na maji kando ya nyasi. Mshipi usikazwe, ukikazwa chambo kinakwenda mrama na samaki anakikwepa.

Niseme la kuudhi kidogo. Maji yakifunika nyasi za kingoni, kambale huingia humo usiku kutaga. Mayai yananata kwenye nyasi, na kwa joto letu yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Wazazi hawayalindi, wanarudi mtoni. Samaki anayetaga hana habari na chambo, ndiyo maana watu wanawafuata na mapanga. Jike mmoja mkubwa ana mayai makumi ya maelfu, nawe umemkata kwa mboga ya siku moja. Subiri arudi mtoni. Akirudi ana njaa, na atakula ndoano yako bila matata. Ningu wa Ziwa Victoria walikuwa wakipanda mito kama Kagera na Nzoia kila mvua, wengi ajabu. Katikati ya karne ya 20 nyavu ziliwekwa midomoni mwa mito, zikawakamata wakiwa na mayai, na uvuvi ule ukaporomoka. Mgono ukiutega mdomo ukitazama chini ya mto wakati huu, unafanya kazi ile ile. Utegeni wiki za baadaye, mdomo ukitazama juu, kwa samaki wanaorudi, na usizibe kijito kizima kwa uzio.

Usalama. Maji ya tope hayaonyeshi mamba. Simama angalau mita 5 kutoka ukingoni, usirudie pale pale kila jioni, na usipasulie samaki hapo unapovulia. Mahali nyasi zimelala na matope yamechimbika kuelekea majini ni njia ya kiboko. Usikae kati yake na mto, hasa magharibi na alfajiri. Na mvua inaweza kunyesha milimani huku kwenu jua linawaka: ukiona majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, au kijiti chako kimezama, kusanya vyombo upande juu. Usisubiri samaki aliyegusa.

Kuna swali limeletwa kwenye karatasi, kuhusu kumshika kambale bila kuchomwa. Miiba iko kwenye mapezi mawili ya kifuani, na akikasirika huifunga ikasimama wima. Mlaze chini, mfunike kwa kitambaa kilicholowa, kisha shika kutoka nyuma ya kichwa, kidole gumba upande mmoja na vingine upande wa pili, vyote nyuma ya miiba. Mpige rungu moja utosini, mtoe damu pale pale, umtie kwenye gunia bichi kivulini. Akiachwa hai ndani ya ndoo yenye jua anakaa muda mrefu bila kufa, lakini nyama yake ikifika sokoni imelegea na bei inashuka.