Pikseli nyingi, picha si kali: tuone tatizo liko wapi

Tazama picha hizi mbili. Jicho ni lile lile, mwanga ni ule ule. Ya kushoto ina pikseli (vinukta vya rangi vinavyounda picha) milioni 24, ya kulia nimeipunguza hadi milioni moja na nusu. Ipi ni kali? Ya kulia, bila ubishi. Kope unaweza kuzihesabu. Ya kushoto niliipiga huku nikiitikisa kamera makusudi, kwa hiyo pikseli zote hizo zimehifadhi ukungu tu.

Anza na vipimo. Fungua taarifa za picha yako. Hii yangu ni 6000 kwa 4000. Ukiiprinti kwa pikseli 300 kwa inchi, gawanya: upana inchi 20, kimo inchi 13 na kidogo. Idadi hiyo ya pikseli ndiyo rezolusheni, basi. Na kile kisanduku cha pikseli kwa inchi kwenye programu ya kuhariri picha, kilichoandikwa 72 au 300? Ukibadilisha namba hiyo peke yake, haiongezeki hata pikseli moja. Tuendelee.

Sasa kuza picha hadi asilimia 100, ili pikseli moja ya picha ikae kwenye pikseli moja ya skrini. Usihukumu ukali kabla ya hapo. Sogea kwenye ukingo, mahali kope nyeusi inapokutana na ngozi. Giza likigeuka mwanga ndani ya pikseli moja au mbili, picha ni kali. Likichukua sita, saba, kuna ukungu, na ukungu una aina zake.

Angalia kinyota cha mwanga ndani ya mboni. Kimevutika kuwa kijistari? Huo ni mtikisiko. Ongeza kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga ndani ya kamera: kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), anzia 1/50 ya sekunde, na kwa mtoto anayekimbia nenda 1/500 au zaidi. Jicho limefifia lakini sikio liko safi? Fokasi imetua nyuma. Na kama kila kitu kimelegea sawasawa, tazama tundu la lenzi. Namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kwenye f/22 mwanga hutawanyika unapopenya tundu dogo, hata lenzi iwe ya bei gani. Rudi f/8 upige tena.

Mwisho, kitelezi cha kunoa kwenye programu ya kuhariri. Chenyewe hakileti kope mpya. Kinatia giza upande wa giza wa ukingo na kung'arisha upande wa mwanga, jicho lako likadhani limeona zaidi. Kisukume hadi mwisho uone: mstari mweupe umezunguka kope, nywele zimekuwa waya. Sasa rudisha taratibu... taratibu... mstari umepotea. Simama hapo hapo. Noa baada ya kupunguza ukubwa, si kabla, kisha hifadhi kwa jina jipya ili faili la awali lisiguswe.