Mzee wa Miaka 900 Atampisha Nani?

Asanteni. Walio kule mlangoni sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya umri wa viumbe wa sayari nyingine katika bunilizi za kisayansi. Wengi wenu mnamjua Yoda wa filamu za Star Wars, yule kibabu wa kijani aliyefariki akiwa na miaka 900. Kwenye tamthilia ya televisheni Star Trek: Voyager wamo Ocampa, viumbe ambao maisha yao yote ni miaka 9 tu. Nikikutana na tarakimu kama hizo, mwandishi namuuliza swali moja: huko kwao, nani anawala?

Msicheke. Mwaka 1952 mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar alichapisha hoja hii: kiumbe ambaye kwa kawaida huuawa mapema hana kinachoulinda mwili wake uzeeni. Kasoro inayojitokeza baada ya wengi kufa haichujwi. Inarithiwa tu, kizazi hadi kizazi.

Mkitaka kumwona asiyeuawa mapema, twendeni Mtito Andei, hapo kwenye barabara ya Mombasa. Kwenye ardhi kavu ya maeneo yale huonekana vijilima vyenye tundu juu, mchanga ukirushwa nje kwa mateke, na mrushaji humwoni. Huyo ni fuko asiye na manyoya: ngozi ya waridi iliyokunjamana, meno yametangulia midomo. Ukubwa wake haumpiti sana panya wa nyumbani. Panya huyo hata umlee maabara kwa kila starehe, miaka 3 ni mingi. Fuko huyu hupita 30. Kule chini mwewe hamfikii, ingawa nyoka humbishia hodi mara mojamoja. Tena sisi watu wazima uwezekano wetu wa kufa huongezeka maradufu kila takriban miaka 8. Utafiti uliochapishwa 2018 haukuona ongezeko hilo kwa fuko.

Kwa hiyo ukinipa kiumbe wa karne 9, nionyeshe na shimo lake.

Linalonikera zaidi ni siasa. Mtu anabuni viumbe wa miaka 900, halafu serikali yao inafanana na ya kwetu! Wakikuyu walikuwa na ituika, ambapo kizazi cha Maina kilikabidhi madaraka kwa cha Mwangi, na Mwangi kwa Maina, baada ya miongo kadhaa. Utaratibu huo unawezekana mahali ambapo wazee huchoka. Sasa chukueni baraza ambalo mwenyekiti ana miaka 700 na magoti hayamuumi. Kijana wa miaka 200 bado anatumwa maji. Shamba atalirithi lini? Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899; mzee yule angeiita mambo ya juzi, na huenda angekuwa bado anadai kiwanja chake hapa mjini.

Ocampa nao, kwa miaka 9, sioni wanapata wapi muda wa kusomea udaktari, achilia mbali kulipa mkopo wa masomo. Mwandishi anayetaka kuwatumia aanzie hapo: nani anamfundisha nani, na kwa haraka gani.

Haya, maswali. Dada mwenye kilemba, anza wewe.